Sura ya Tano: Dakika Arobaini

Kipindi cha darasani ni dakika 40. Madarasa ya chini hupewa 30, na Kenya kuna ngazi zenye 35, ila tuchukue 40 kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye ratiba za manila zinazobandikwa ofisini kwa walimu. Ndani ya muda huo mwalimu anaamkiwa, anafuta ubao alioachiwa na mwenzake, anaandika tarehe na mada, anarusha maswali mawili matatu ya somo la jana ili ajue nani yuko naye na nani alibaki njiani, ndipo anaanza kufundisha. Akimaliza anatoa zoezi, anapita katikati ya madawati, anasahihisha madaftari anayoyawahi, kengele inagongwa. Mwalimu aliyekaa kazini miaka 10 hahitaji saa ya ukutani. Anajua mwilini mwake kipindi kimefika wapi.

Sasa mpe projekta. Kwanza aifuate ofisini kwa mwalimu mkuu, maana ndiko inakofungiwa, na mwalimu mkuu huenda ameitwa halmashauri. Funguo zikipatikana, asaini daftari la vifaa. Waya wa kuongezea urefu uko darasa la saba. Soketi imelegea, plagi haikai mpaka ishikiliwe kwa kijiti. Dirisha halina pazia, kwa hiyo picha ukutani ni kivuli cha kijivu hadi watoto wawili wasimame na kanga. Kompyuta inawaka polepole, flashi ina virusi, na faili aliloandaa jana kwenye kompyuta ya stationeri linafunguka herufi zikiwa zimevurugika. Dakika 15 zimekwenda. Na watoto 80 waliokosa kazi kwa dakika 15 hawakai bure, wanajitafutia kazi.

Nayasema haya kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu walimu na teknolojia huanza na lawama: walimu wagumu, walimu waoga, walimu wameshikilia chaki. Semina hufunguliwa kwa maneno hayo mbele ya walimu wenyewe, nao hupiga makofi kwa adabu. Mimi naona walimu ni wapimaji wakali kuliko tunavyowadhania. Kila kinacholetwa darasani wanakipima kwa swali moja: kitanirudishia dakika, au kitanipunguzia? Kinachorudisha hupokewa bila semina wala mgeni rasmi. Kinachopunguza huishia kwenye kabati la mwalimu mkuu kikiwa bado na nailoni yake.

Ahadi za kumgeuza mwalimu zina umri mrefu. Mwaka 1913 Thomas Edison, ambaye alikuwa na mashine za filamu za kuuza, alitabiri kwamba muda si mrefu vitabu vitatoweka shuleni na watoto watasoma kwa kutazama picha zinazotembea. Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado kuna shule ambako kitabu kimoja kinasomwa na watoto wanne. Wanachodai wazazi wa shule hizo ni vitabu zaidi.

Filamu haikufika kwetu kwa wingi. Redio ilifika. Lakini redio ina tabia ya kutomsubiri mtu: kipindi cha shule kikirushwa saa nne kamili, darasa lililochelewa kutoka mapumziko linamkuta mtangazaji keshaingia katikati ya mada. Mtoto akiuliza, redio inaendelea kusema. Mwalimu anabaki amesimama kando ya meza kama mgeni kwenye darasa lake mwenyewe, hajui ashike lipi.

Waliolitazama tatizo hilo kwa makini wakaja na dawa ambayo naiona ya busara sana kwa zama zake. Kule Nicaragua, kuanzia 1974, vipindi vya hisabati vya redio vilitungwa kwa namna ya kuuliza na kunyamaza. Sauti inauliza, inakaa kimya sekunde chache, watoto wanajibu kwa pamoja, sauti inatoa jibu na kusonga mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbinu hiyo ikajaribiwa Kenya kufundishia Kiingereza, na kuanzia 2006 Zanzibar ikaitumia kwa watoto wadogo katika vituo vya Tucheze Tujifunze. Mlezi wa kituo aliongozwa na redio, lakini ndiye aliyewapanga watoto duara, aliyemwona aliyekosea, aliyemshika mkono asiyeruka. Redio ilikuwa imejifunza kumwachia mwalimu nafasi.

Tanzania Bara ilikuwa imelijua hilo kabla, nje ya shule. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 inakumbukwa kama kampeni ya redio, na ni kweli sauti ilitoka redioni. Ila watu wapatao milioni mbili walioshiriki walikaa kwenye vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake mwenye kijitabu mkononi. Viongozi hao waliofunzwa walikuwa takriban 75,000. Redio ikizimwa, wao ndio waliouliza: haya, choo cha nani kitachimbwa kwanza? Bajeti nyingi za vifaa vya shule zilizofuata zilisahau fungu la kiongozi wa kikundi.

Mfano mkubwa wa kabati uko Kenya. Kwenye kampeni za 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika 2014 baada ya mivutano ya kisheria. Mradi ukafufuliwa kwa sura nyingine, safari hii wa vishikwambi, ukiwashirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na kampuni za nje. Majaribio yalianza 2016, na miaka michache baadaye vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimefika kwenye shule za msingi zaidi ya 20,000. Anayedhani hiyo ni kazi ndogo ajaribu kupeleka projekta moja Turkana.

Shule ilitakiwa iwe kwanza na mahali salama pa kuviweka: mlango wa chuma, nondo madirishani. Mwalimu mkuu akawa mwenye dhamana. Hapo ndipo hatima ya vifaa vingi ilipoamuliwa, kabla hata ya mtoto mmoja kugusa skrini. Kifaa kikiibwa, anayeitwa kuandika maelezo ni mwalimu mkuu. Kisipotumika mwaka mzima, haitwi mtu. Mwenye akili timamu na miaka mitano kufikia pensheni atafanya nini? Atafunga mlango, funguo atazitia mfukoni. Tukimwita mwoga tutakuwa tunamwonea.

Vilevile vifaa vilielekezwa kwa watoto wa darasa la kwanza, umri ambao mwalimu bado anafundisha namna ya kushika penseli. Kugawa vishikwambi 60, kuhakikisha kila kimoja kina chaji, kumpangusia kamasi huyu na kumwambia yule asilambe kioo, kisha kukusanya vyote 60 na kuvihesabu mara mbili, yote ndani ya dakika 30. Mwalimu anayefanya hivyo mara moja kwa wiki anastahili medali.

Kilichodumu ni umeme. Ili vishikwambi viwake, shule za msingi kwa maelfu ziliunganishwa kwenye gridi ya taifa au zikafungiwa sola kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Taa zikawaka, mitihani ikaanza kuchapwa palepale shuleni, darasa la nane wakasoma alfajiri bila koroboi. Ningeulizwa nitaje tunda bora kuliko yote la ahadi ile ya kompyuta, ningetaja nguzo za umeme.

Tanzania iliingia kwa mlango wa pembeni. Sensa ya 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na Novemba mwaka huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua ugawaji wa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu wa Bara na Zanzibar, vikiwemo vilivyotoka mikononi mwa makarani wa sensa. Vilikuwa na sifa moja ambayo vya Kenya havikuwa nayo: vilikabidhiwa mtu. Mwalimu anakwenda nacho nyumbani, anakichaji kwake, anakizoea usiku. Jumamosi watoto wake wanaangalizia katuni, jambo nisiloliona kosa, maana mtu hukijua kifaa kwa kukichezea. Bando, kwa walimu wengi, ni la mfukoni mwao. Lakini hakuna daftari la kusaini wala funguo za kutafuta, na dakika hizo alizookoa zinaonekana darasani.

Kila shule ina mtu wake. Mara nyingi ni mwalimu kijana, ajira ya juzi, aliyewahi kusema mbele ya wenzake kwamba anajua kidogo kompyuta. Tangu siku hiyo hana mapumziko. Printa ikigoma ataitwa. Mwalimu mkuu akisahau nywila ataitwa. Matokeo ya mtihani wa kata yakitakiwa kwa Exceli kabla ya saa kumi jioni, ataitwa akiwa na kipande cha chapati mdomoni. Halipwi kwa kazi hiyo na haimo kwenye majukumu yake, ila bila yeye shule haina teknolojia yoyote hata ikiwa na chumba kizima cha kompyuta.

Kisha anapata uhamisho. Anamfuata mwenza wake mkoa mwingine, na ndani ya muhula mmoja kompyuta za shule zinarudi kufunikwa vitambaa. Ripoti ya mradi itaandika kwamba walimu hawakuwa na utayari. Ukweli ni kwamba utayari wote wa shule uliwekwa ndani ya mtu mmoja, na mtu mmoja akapanda basi.

Shule zilizonusurika ni zile ambazo kijana huyo alilazimishwa kuwafundisha wenzake kabla hajaondoka. Mfumo wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umejengwa juu ya wazo hilo: walimu wakutane shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu, waulizane yanayowasumbua, badala ya wachache kupelekwa semina mkoani na kurudi na vyeti. Panapofanyika kweli, na si kwa kujaza fomu ya mahudhurio, hapo ndipo nimesikia mazungumzo yenye faida kuliko hotuba zote za ufunguzi.

"Madamu, si hapo. Bonyeza hako kamshale."

"Kamshale kapi, mwanangu? Mbona naona tumishale tutatu!"

Wote wanacheka, na kicheko hicho ni kazi kubwa. Mwalimu wa miaka 25 kazini amejenga jina lake kwa kutobabaika mbele ya watoto. Anajua wimbo wa kuwanyamazisha, anajua jicho la kumrudisha mtoro kwenye dawati. Kumsimamisha mbele ya darasa na mashine asiyoijua, huku mtoto wa dawati la nyuma akinong'ona kwamba nyumbani kwao anaiwasha mwenyewe, ni kumvua heshima hadharani. Ofisini, mbele ya kijana anayemwita madamu na kumwamkia shikamoo, anaweza kukosea bila hasara.

Wengine wamebuni njia yao. Wanamteua yule mtoto wa dawati la nyuma awe kiranja wa nyaya. Anachomeka, anawasha, anazima. Mwalimu anabaki na somo lake, mtoto anapata cheo, na darasa limepata fundi asiyehamishwa mpaka amalize la saba.

Februari 2018 picha moja ilizunguka dunia. Mwalimu Richard Appiah Akoto wa shule ya Betenase, Ghana, alikuwa amechora ubaoni kwa chaki za rangi dirisha zima la programu ya Microsoft Word: vitufe, menyu, ukurasa, kila kitu mahali pake. Wanafunzi wake walikuwa wanasubiri mtihani wa taifa wenye somo la teknolojia ya habari, na shule haikuwa na kompyuta tangu 2011. Picha ikamfikisha hadi Singapore kwenye mkutano wa elimu wa Microsoft mwezi uliofuata, na misaada ya kompyuta ikaanza kufika shuleni kwake.

Watu walilitazama jambo hilo kama la kusikitisha au la kishujaa. Lina upande wa tatu. Ili uchore dirisha la Word kwa kumbukumbu lazima ulijue vizuri kuliko wengi wanaolitumia kila siku. Lazima ujue kipi kinastahili kuchorwa na kipi kiachwe, kwa kuwa ubao una mwisho na kipindi kina mwisho. Akoto alifanya kazi ya mtunzi wa mtaala na ya mchoraji kwa wakati mmoja. Hakuwa mtu aliyeachwa nyuma na teknolojia. Alikuwa ameitangulia shule yake, anaisubiri ifike.

Mwaka uliofuata, Machi 2019, tuzo ya mwalimu bora duniani ilitolewa Dubai kwa Peter Tabichi, bruda wa shirika la Wafransisko aliyekuwa akifundisha sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru. Shule ilikuwa na kompyuta moja, mtandao wa kusuasua na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Hata hivyo, maelezo ya tuzo yalisema kwamba alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya vipindi vyake. Aliwezaje? Alikwenda saiba, akapakua alichohitaji, akarudi nacho darasani kikiwa tayari ndani ya mashine. Darasani hapakuwa na kusubiri ukurasa ufunguke. Muda wa kusubiri aliulipa yeye, jioni, kwa fedha yake na miguu yake, ili wanafunzi wasiulipe saa tano asubuhi. Siri yote ni hiyo, na haihitaji mwangaza wa Dubai kuiona. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi hivyo bila tuzo.

Chombo chao ni simu. Hakuna waziri aliyewahi kuizindua. Iliingia shuleni mfukoni mwa shati, ikiwa imenunuliwa kwa mshahara au kwa mkopo wa saccos, na imefanya mapinduzi ambayo miradi yote niliyoitaja haikuyafikia.

Tazama mtihani tu. Walimu wa zamani wanakumbuka stensili: unapiga taipu juu ya karatasi ya nta, ukikosea unapaka rangi nyekundu ya kufutia, unasubiri ikauke, kisha mashine inazungushwa kwa mkono na kila mtu anarudi nyumbani na wino kwenye viwiko. Mtihani wa robo muhula ulikuwa shughuli ya wiki. Siku hizi mwalimu anaandika maswali kwenye simu akiwa kwenye daladala, anayatuma stationeri kwa WhatsApp, anapitia jioni kuchukua nakala. Alama anazijumlisha kwa simu, wastani na nafasi ya kila mtoto vinapatikana kabla chai haijapoa. Miaka ile ukokotoaji wa nafasi ulilaza walimu shuleni mpaka saa mbili usiku, na siku ya kufunga shule kulikuwa na wazazi waliopinga kwa haki kabisa, kwa sababu jumla ilikuwa imekosewa.

Au tazama kitabu. Shule ina kiongozi cha mwalimu kimoja, walimu wa somo ni watatu, kila mmoja na mkondo wake. Kinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mitihani ya miaka iliyopita, maandalio ya masomo, michoro ya moyo na figo, vyote vinapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu wa hisabati wa wilaya, wa Kiswahili wa mkoa, wa baiolojia wa nchi nzima. Saa nne usiku mwalimu wa Kasulu anauliza njia rahisi ya kufundisha kugawanya sehemu kwa sehemu, na kabla ya kulala amejibiwa kwa sauti na mwenzake wa Masasi ambaye hajawahi kumwona. Ofisi ya walimu imekuwa kubwa kuliko jengo lake. Na shule ya msingi yenye walimu watano, kilomita 60 kutoka lami, ndiyo iliyofaidika zaidi, kwa kuwa kabla ya hapo mwalimu pekee wa sayansi hakuwa na wa kumuuliza.

Magrupu hayo yana takataka zake pia: majibu yasiyo sahihi, maandalio ya somo yanayonakiliwa mpaka jina la shule ya mwenyewe linabaki juu, salamu za asubuhi zenye maua, biashara za vitenge. Mthibiti ubora anayekuta andalio lilelile shule nne mfululizo anajua limetoka wapi. Lakini nionyeshe ofisi ya walimu isiyokuwa na maneno yasiyo na maana.

Wakati wa korona simu ilibebeshwa zaidi ya uwezo wake. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Tanzania ilizifungua zote 29 Juni, Kenya ikangoja hadi Januari 2021 kwa madarasa mengi. Redio na televisheni zilirusha vipindi, shule za binafsi za mijini zikahamia Zoom, na walimu wa shule za kawaida wakatuma picha za maswali kwa wazazi wenye simu janja. Mtoto ambaye simu ya nyumbani ni ya kitochi alipokea kimya. Walimu walijifunza haraka sana miezi ile. Waliogawanyika ni wanafunzi.

Je, mwalimu anaweza kurukwa kabisa? Swali hilo lilipelekwa mkoa wa Tanga. Shindano la kimataifa la XPRIZE liliwapa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, pamoja na vituo vya kuchajia kwa sola. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakienda shule, na wengi hawakuweza kusoma hata neno moja. Majaribio yalichukua miezi 15 na tuzo ikatolewa Mei 2019, dola milioni 10, zikagawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion. Waandaaji walieleza kwamba idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu.

Hilo ni jambo kubwa na sitaki kulibeza. Mtoto aliyejifunza herufi peke yake chini ya mwembe amenifundisha na mimi kitu kuhusu akili ya watoto. Ila nusu iliyobaki nayo isomwe. Baada ya miezi 15 na programu zilizoshindana, nusu ya waliokuwa hawawezi kusoma neno walibaki hawawezi, na mashine haikujua kwa nini. Huyu labda haoni vizuri. Yule labda kaka yake ndiye anayeshika kifaa kutwa. Maswali ya namna hiyo yana majibu kwa mtu anayepita katikati ya madawati, na kwa mtu huyo ni kazi ya sekunde.

Kuna teknolojia nyingine ambayo mwalimu hakuulizwa kama anaitaka: ile inayomtazama yeye. Kenya imekuwa na TPAD ya kupima utendaji wake, NEMIS ya kusajili wanafunzi iliyokuja 2017 na kudai namba ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na tovuti ya baraza la mitihani ambako alama za tathmini za shuleni hupakiwa. Tanzania ina PReM ya kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na PEPMIS iliyochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OPRAS, ambamo mtumishi hujaza majukumu yake na utekelezaji wake. Kila mfumo una nywila yake na tarehe yake ya mwisho. Siku ya mwisho ikikaribia mtandao unalemewa, na walimu wanakesha wakisubiri duara lizunguke.

Sipingi kuhesabiwa kwa watoto. Mtoto asiyehesabiwa hapewi kitabu. Lakini tukirudi kwenye mizani ya dakika, mifumo hii mingi ni wadai. Inachukua muda wa kusahihisha madaftari, inachukua jioni, na ikibana sana inachukua kipindi chenyewe: zoezi linaandikwa ubaoni, mwalimu anakaa kwenye kiti na kishikwambi akijaza kwamba amefundisha. Mwalimu aliyetumia saa tatu za intaneti ya wiki yake kujaza fomu hatafurahi ukimwambia Ijumaa kwamba kuna programu mpya nzuri ya jiometri. Ukimwona amekunja uso usifikiri anaogopa kompyuta. Amechoka nayo.

Na sasa imekuja akili unde. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, na walimu hawakusubiri mwongozo wa wizara. Andalio la somo lililokula jioni nzima linatoka kwa dakika moja, na mwenye busara hutumia dakika 10 nyingine kulirekebisha, maana mashine humpa zana za kufundishia ambazo shule yake haina na mifano ya theluji kwa watoto wa Lindi. Maswali ya kuchagua inayatunga vizuri, mradi majibu yapitiwe. Kiswahili chake kimenyooka mno, hakina kona. Mwalimu wa lugha anakigundua kwa harufu. Kwa mizani yetu akili unde imepita: inarudisha dakika, kwa hiyo imekwisha kupokewa, tupende tusipende.

Ugumu uko upande wa pili wa dawati. Mwanafunzi wa sekondari wa bweni hana simu, sheria inamkataza, lakini wa kutwa anayo ya dada yake. Insha ya nyumbani inarudi Jumatatu ikiwa na aya zilizopangwa sawasawa na methali isiyohusika na kisa. Walimu wanaojua kazi yao hawakupoteza muda kutafuta programu za kukamata wezi, ambazo zenyewe hukosea. Wanamwita mwandishi mbele: haya, tusimulie ulichoandika, halafu utuambie kwa nini mzee alikataa posa. Asiyeijua insha yake anaonekana kabla ya sentensi ya tatu. Wengine wameiondoa insha nyumbani moja kwa moja, inaandikwa darasani, kwa kalamu, mwalimu akipita katikati ya madawati.

Shida ni kwamba insha ya maana haiandikiki kwa dakika 40. Mwanafunzi anapata wazo dakika ya 12, anaandika aya mbili, kengele inagongwa. Kwa hiyo walimu wa Kiswahili wameanza kumwendea mwalimu wa taaluma, mwenye ratiba, na ombi lisilohitaji umeme wala bando: vipindi viwili vifuatane, dakika 80, walau mara moja kwa wiki. Mwalimu wa taaluma anaitazama ratiba ya manila, anatafuta pa kubana. Mahali anapopapata mara nyingi ni Ijumaa mchana, kwenye kipindi cha michezo, na mwalimu wa michezo hajakubali.